Mize Anapiga Watoto wa Watu

Jumatatu, 4 Novemba

Mize karudi tena kutoka chuo cha Kurani na mtandio umechanika. Nimeushona. Leo kamng'ata mtoto wa mwalimu. Mama mkwe wangu, Bi Time, ndiye anayepokea lawama mlangoni. Mimi kizuka, mjane wa Faki, nimo edani, sitoki. Nasikia kila neno nikiwa nyuma ya pazia. Aibu. Hasira pia. Watu wanasema mtoto wa Faki kawa mnyama, na Faki mwenyewe kaburi lake bado bichi.

Mize hajui kama baba yake amekufa. Siku Faki alipoanguka mkarafuuni, Bi Time alimpeleka mtoto kwa jamaa zake Wingwi. Aliporudi akaambiwa baba kasafiri, yuko Unguja anatibiwa. Majirani wakaombwa wafunge midomo. Mtoto wa miaka saba, tulisema, ataelewa nini? Nilikubali. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Jumanne, 5 Novemba

Mwalimu wa chuo kamchapa bakora. Mize kamrushia kiatu. Sasa Bi Time ana yakini kuwa ni shetani. Kaagizia kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mtoto anywe. Kanywa. Kisha sahani kaipasua ukutani.

Mimi mwalimu wa skuli. Miaka yote, mzazi akija na mtoto wa aina hii, namuuliza: Analala? Anakula? Anapigwa nyumbani? Kuna nini kilichobadilika nyumbani? Maswali yote ninayo. Kwa mwanangu mwenyewe kinywa kizito.

Alhamisi, 7 Novemba

Hamad kaja, mdogo wake Faki. Kapiga teke ndoo uani. Kamfokea mama yake kwa sababu ya chai. Hamad hakuwa hivi, alikuwa mpole mpaka wenzake wakimcheka. Yeye ndiye aliyekuwa chini ya mkarafuu siku ile. Tangu hapo hakai na mtu dakika mbili bila ugomvi. Juzi kampiga kibao mchumaji aliyemwaga pakacha la karafuu. Hakuna anayethubutu kumwambia kitu.

Kasema akiwa nje ya pazia: "Shemeji, mtoto huyu kakosa mkono wa baba. Akimuumiza mtu tena, mie nampeleka Unguja kwa dada. Huko atanyooka."

Namjua huyo wifi. Watoto wake wenyewe wamemshinda, fimbo haiondoki nyuma ya mlango. Mize akienda huko hatarudi, na akirudi hatakuwa Mize. Sina mwingine.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimempiga.

Alinishika mkono akinivuta mlangoni. "Toka, mama! Toka!" Nikamwambia kizuka hatoki. Kavuta tena. Kaning'ata kiganja. Nikachukua kandambili, na sikupiga mara moja. Kilio chake hakikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba nilipokuwa nampiga nilihisi nafuu.

Basi nyumba nzima ndiyo hivi. Mtoto anapiga, Hamad anapiga, na mimi sasa napiga. Bi Time peke yake hapigi, yeye anatukana kuku.

Jumapili, 10 Novemba

Jiwe. Kampiga Hidaya, mtoto wa jirani, kwenye kipaji cha uso. Damu mpaka kwenye gauni. Kapelekwa hospitali kushonwa. Nami nimesimama dirishani nimeshika nondo, siwezi hata kwenda kumwangalia mtoto wa watu.

Hamad kasema boti ya Jumatano. Nimemuomba. Nimelia mimi mtu mzima, pazia katikati, yeye upande wa pili nasikia anavyohema. Kapiga ngumi mlango kaondoka.

Eda sharti niimalizie kwenye nyumba hii ya Faki. Siwezi kumfuata mwanangu. Ya Rabi, umeshamchukua mmoja. Niachie huyu. Sina maneno mengine, leo nimeomba hayo hayo tu.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama Hidaya kaja. Nilijiandaa kutukanwa. Kaingia chumbani, kakaa mkekani, kamsogeza mwanawe mbele na bandeji yake. "Mwambie ulivyonambia."

Asubuhi ile ya msiba Mize aliachiwa azichunge karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi. Mvua ikaja, naye yuko nyuma ya nyumba anaruka kamba. Karafuu zikaroa. Faki akamgombeza, tena sana, kisha akaenda shambani. Hayo nayajua, nilikuwepo. Ya Hidaya sikuyajua. Mize kamwambia Hidaya kuwa baba yake kasusa. Kaenda Unguja kwa hasira, na kabla ya kuondoka kaamuru mimi nifungiwe ndani, nisitoke, nisipake wanja, nisijifukize udi, yote kwa sababu ya karafuu zile. Kwa hiyo kila mtoto anayemwambia mama yake hatoki, anapigwa. Hidaya siku ile alimwambia hivyo. Hakusema zaidi.

Walipoondoka nilikaa nikashindwa hata kuinuka kuswali Alasiri mpaka wakati ukakaribia kwisha. Mwanangu anapigana anitoe ndani. Na sisi tunamtafuta shetani.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemwambia. Bi Time hakutaka. Nikasema mama, nakuheshimu, lakini leo nasema. Hamad alikuwa kaja kuchukua nguo za Mize, kasimama mlangoni na mfuko mkononi.

Nimesema kwa maneno mafupi, nisije nikavunjika katikati. Baba amekufa. Alianguka mkarafuuni. Haikuwa kwa sababu ya mvua, wala kwa sababu yako. Hakuna aliyenifunga. Mke akifiwa hukaa ndani mpaka eda iishe, kisha hutoka, na mimi nitatoka.

Kanipiga kifuani kwa ngumi zote mbili. Nimemuacha. Kapiga mpaka kachoka. Kisha kauliza: "Baba alikuwa kakasirika na mie?"

Uwongo mwingine ulinijia mdomoni, mtamu, tayari kabisa. Nikaumeza. Nikasema asubuhi alikasirika. Baadaye sijui, sikuwepo.

Hamad ndiye aliyejibu. "Mie nilikuwepo. Alikuwa akikucheka huko juu. Kasema mtoto wangu yule kwa kamba hajambo, angelikuwa hivyo kwa karafuu tungelitajirika." Kakaa chini hapo hapo kizingitini. "Mie ndiye nilomuonesha tawi lile. Mie."

Bi Time kamuendea, kamshika kichwa kakiweka pajani, kidume kizima. Mfuko Hamad kaondoka nao mtupu.

Jumatano, 13 Novemba

Boti imeondoka. Mize hakuwemo.

Siwezi kusema kapona. Asubuhi kamtupia kuku bakuli, na mimi mkono uliniwasha, nikaukalia. Chuoni hakwenda. Hamad hajaja leo. Bado naogopa.

Mchana mchuuzi wa samaki wa Kojani kaita uani. Kaita jina la Faki, ndiye aliyekuwa akichagua samaki. Kumbe habari hazijamfikia. Mize alikuwa nje peke yake. Nikasogea dirishani, nikangoja jiwe, kiatu, kilio, chochote.

Kamjibu kwa sauti ya kawaida. "Baba kafa. Mama kizuka. Leo nachagua mie."

Mchuuzi katua kapu lake. Kisha kampa pole kama anavyopewa mtu mzima, naye kaipokea.

Kachagua tasi wadogo wadogo, miba mitupu. Tumewala wote.