Shimo la Nyuma ya Bafu

Mjukuu wangu, mume wangu wa utani,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Natumaini nyote hamjambo. Mimi ni mzima kutoka gotini kwenda juu. Kutoka gotini kwenda chini ndiko kwenye habari, kwa hiyo kaa kitako usome.

Nimesikia umemwambia daktari akate tu mguu, mradi bibi aishi. Nani alikutuma? Mguu ni wako? Huu ndio uliokukimbiza uani ulipokuwa ukikataa kuoga, na bado nina safari nao.

Dawa za kidonda zimeshindwa, hilo kweli. Lakini dada wa maabara ameniambia kuna virusi ambavyo havina habari na mtu. Kazi yao kuua bakteria tu. Nikamuuliza kama amelewa. Akacheka, akasema kila aina ina bakteria wake, na hupatikana palepale bakteria hao wanapoishi, kwenye maji machafu. Wakivipata wanavisafisha, ndipo wanavitia kidondani. Walivyokuwa navyo havikuwagusa bakteria wangu. Akaniomba, kabla sijalazwa, nimletee maji ya mtaro tunakofulia bandeji. Nikampelekea. Hawakuona kitu. Sasa daktari anasema wiki ijayo ni msumeno.

Hapa soma kimoyomoyo. Simu sikupigi kwa sababu wodi hii nzima ni masikio. Ule mtaro niliusugua kwanza kwa dawa ya choo mpaka ukang'aa, ndipo nikachota. Mimi nipeleke uchafu wangu kwa watu wenye makoti meupe? Wanionaje? Leo asubuhi nimemwambia dada wa maabara. Akaniuliza kama kuna mahali sikusugua.

Kuna. Lile shimo la nyuma ya bafu, maji yote yanakoishia. Chukua mtaimbo, inua mfuniko wa zege, ujaze chupa atakayokupa mleta barua. Ukitaka kutapika, tapikia pembeni. Kama virusi vyenyewe vimo, hata dada wa maabara hajui. Lakini sikatwi mguu kwa ajili ya usafi.

Mama yako asilisogelee shimo na sabuni yake. Namjua, nimemlea mwenyewe.

Nisalimie wote wanaoniulizia. Chupa ije leo, na inuke.

Ni mimi bibi yako,
mwenye miguu miwili.