Walimu wa Jumamosi

Jumamosi, 3 Juni 1995

Mvua tangu asubuhi. Watoto wachache tu kanisani kwa somo la sayansi. Tulipasua jicho la ng'ombe kutoka bucha ya hapa Litein, nikatoa lenzi. Msichana mmoja aliiweka juu ya gazeti, herufi zikawa kubwa. Kelele ile sijawahi kuisikia darasani, Jumatatu hadi Ijumaa.

Nimechoka kufanya haya peke yangu. Nikikosea, hakuna wa kuniambia. Na si mimi tu. Odhiambo wa maabara ya kiwanda cha chai hufundisha watoto wa wafanyakazi. Sista Joyce, nesi wa zahanati kule Roret, ana kikundi chake cha mambo ya maji na minyoo. Fundi Kiprono wa Chepseon, anayewachajia watu betri za gari za kuwashia TV, hufundisha umeme kibandani kwake. Kila mtu kivyake. Nitawaita.

Jumamosi, 10 Juni

Wamekuja wote, nyumbani kwangu. Wesley alichinja kuku bila kuambiwa. Mume mzuri akitaka.

Tumekubaliana hivi: kila tukikutana, mmoja awafundishe wenzake somo lake, kisha aambiwe lilivyokuwa. Nilianza mimi. Jicho tena. Odhiambo akasema nauliza maswali halafu najijibu mwenyewe kabla mtu hajafungua mdomo.

Iliniuma. Nilitabasamu tu. Walipoondoka nilimwambia Wesley kwamba yule mtu ana kiburi. Wesley akaniuliza kama alichosema ni kweli. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumanne, 13 Juni

Kidato cha pili. Niliuliza swali, nikanyamaza. Kimya kibaya sana, nilitaka kutoroka. Kisha mikono mitatu ikainuka. Mitatu! Odhiambo ana kiburi, lakini si mwongo.

Jumamosi, 17 Juni

Zamu ya Kiprono. Alibeba betri kutoka Chepseon kwa pikapu ya shemeji yake. Anajua kuongea na watu, tulicheka sana. Mwishoni alifungua vifuniko vya betri iliyotoka kuchajiwa, akapitisha kiberiti juu yake ili gesi ilie "pop". Tukapiga makofi.

Odhiambo hakupiga. Alisema gesi ile inaweza kupasua betri nzima na asidi iruke, afadhali aikusanye kidogo kwenye chupa, mbali. Kiprono alikasirika. Alisema amechaji betri tangu Odhiambo hajaona jani la chai. Alisema pia neno kuhusu watu wa ziwa, Wajaluo kama Odhiambo, kujifanya wanajua kila kitu. Chumba kikawa baridi. Mimi ndiye mwenyeji, nikasema chai iko tayari. Tukanywa chai. Odhiambo hakurudia.

Jumatatu, 26 Juni

Mabaya. Juzi Jumamosi betri ya Kiprono ilipasuka mbele ya watoto. Asidi ilimrukia usoni msichana wa darasa la sita, Chelangat. Walimmwagia maji mengi papo hapo, hilo walifanya vizuri. Amelazwa Kericho. Jicho moja bado hawajui kama litapona.

Chifu amefunga kibanda. Amesema atawaandikia wenzake wa Litein na Roret, masomo haya yote ya Jumamosi yakome. Wazazi wataitwa kanisani Chepseon Jumamosi hii.

Nimeshindwa kula. Nafikiria ile chai.

Jumatano, 28 Juni

Tumekutana Roret kwa Sista Joyce, watatu. Kiprono hakuja, nasikia hatoki nyumbani. Sista alisema wazi: tumwandikie chifu kwamba Kiprono si wa kikundi chetu. Sista ana miaka mingi zahanati, hataki kuhamishwa. Simlaumu. Mimi pia nilishaanza kutunga barua hiyo kichwani.

Odhiambo alikuwa anatazama sakafu. "Juzi tulimpigia makofi," akasema. "Leo tuseme hatumjui?"

Kisha akasema ataenda Chepseon, kwenye mkutano wa wazazi. Nilishtuka. Hajakanyaga upande ule tangu vile vita vya kikabila vya 1992. Dada yake alikuwa na duka huko, lilichomwa. Nilimwambia si lazima. Akasema anajua si lazima.

Jumamosi, 1 Julai

Tulienda wote watatu. Kanisa limejaa mpaka nje. Kiprono alikaa mbele peke yake, benchi nzima tupu.

Odhiambo alisimama, akawasalimu kwa Kipsigis, lugha yao. Wengine waliitikia, wengine hapana. Alieleza jinsi betri inavyopasuka, polepole, bila maneno makubwa. Baba wa Chelangat akamkata katikati.

"Wewe ulijua ni hatari?"

"Nilijua. Nilisema mara moja, halafu nikanyamaza."

Manung'uniko. Nilisimama. Nikasema sote tulikuwepo, na mimi ndiye niliyekatiza maneno yake ili tusigombane. Sista akasimama pia. Kiprono alilia mbele ya watu. Mtu mzima.

Walibishana hadi mchana. Baba yule ndiye aliyemaliza. Jicho litapona, ameambiwa hospitalini, ila kovu litabaki shavuni. Akasema mtoto wake amekataa kuacha. Kwa hivyo masharti: asidi hapana, somo lolote lipimwe kwanza na wenzake, na mwalimu asiwe peke yake na watoto. Chifu akakubali, akaongeza kwamba atapita mwenyewe kuangalia.

Nje Kiprono alimshika Odhiambo mkono, muda mrefu. Sikusikia walichosema. Haikunihusu.

Jumapili, 2 Julai

Kanisani sikusikia mahubiri. Nililala mchana wote. Wesley alikamua ng'ombe.

Jumamosi, 15 Julai

Kiprono ametufundisha somo jipya, Litein. Limau, waya wa shaba, msumari wa mabati, na kile kisikizio cha redio cha kuweka sikioni. Limau linatoa umeme kidogo, ukigusisha waya unasikia mkwaruzo. Tulimkosoa karibu saa nzima. Sista alikuwa mkali kuliko wote. Kiprono alinuna, akaanza upya. Mara ya tatu ilikuwa nzuri kweli.

Mwalimu mmoja wa Sotik amesikia habari zetu, anataka kuja.

Jumamosi, 22 Julai

Chepseon. Baridi, ukungu mpaka saa nne. Kibanda kimefunguliwa. Watoto walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Odhiambo na mimi tulikaa nyuma.

Chelangat alikuja na baba yake. Kovu linaonekana, jekundu bado. Alikaa mbele. Baba hakuingia, alisimama mlangoni na gamubuti zake za shambani, mikono mfukoni, muda wote wa somo.

Watoto walipotoka, aliingia. Akaomba kile kisikizio. Kiprono akamwekea sikioni, akagusisha waya kwenye limau. Mzee akainamisha kichwa.

Akaomba tena.