Vidole vya Kaka

Mwenzangu, uko? Kaka yangu ameharibu. Ameharibu kabisa, na wala hakufungua mdomo!

Unaikumbuka ile kazi ya udereva wa zimamoto? Usaili alishapita. Leo aliitwa kuchukuliwa alama za vidole tu, halafu apewe barua.

Kwenye fomu, pale wanapouliza kama umewahi kufungwa, tuliweka "Hapana." Miaka kumi na moja imepita tangu atoke jela, tukasema yaliyopita si ndwele.

Sasa sikia. Karani, mama mmoja mpole, kafungua pedi ya wino. Kabla hajasema neno, kaka kalegeza mkono, kaangalia pembeni, kaanza kuviringisha vidole mwenyewe! Kutoka ukingo huu wa ukucha hadi ule, kuanzia gumba. Mwenyewe!!

Mama akamwacha amalize vyote kumi. Ndipo akauliza taratibu, "Mwanangu, nani alikufundisha?"

Kaka akavikunja vidole vyake vyenye wino.

"Wa mara ya kwanza huwa nawashika mkono mimi," akasema. "Vidole vyako vinajua njia."

Hakufoka, mwenzangu. Bora angefoka! Alimpa kitambaa ajifute, kisha akaifungua fomu na kuilinganisha na daftari ambamo kaka alijiandikisha mlangoni. Akalitazama lile "Hapana" weee.

"Huu si mwandiko wako. Kesho saa mbili asubuhi, njoo na aliyekujazia."

Kaka amekaa hapa mbele yangu, wino bado uko kwenye kucha. Hanitazami.

Mwenzangu, ule mwandiko ni wangu.