Sifa Alizozikataa Stella

Rafiki yangu Gaudensi,

Watu wengi hukosea jambo moja: wanadhani anayekataa sifa hajui kazi. Kosa hilo limemnyima Stella wako ajira, nami tangu wiki iliyopita nina hasira hadi chakula hakipiti.

Nikueleze taratibu. Tangu tukuzike, binti yako anaishi kwangu; amejifunza kuonja kahawa ili kupima ubora wake, na Kiingereza chake kimenyooka. Akaitwa kwenye usaili wa kazi hiyo hapa Mbinga. Mnunuzi mmoja, Mwingereza, akaonja kahawa aliyoiandaa, akamsifu sana. Unajua wanavyofanya kwao: ukisifiwa unashukuru, basi. Stella akajibu kwa Kiingereza safi, lakini kwa adabu ya nyumbani: "Hapana, bado sana, najaribu tu."

Yule mzungu akaamini! Wakasema hajiamini, wakamchukua mwingine.

Mgeni nimemsamehe. Hakujua. Lakini meneja, mzaliwa wa kijiji cha Mpepai, anayeijua adabu yetu, alikuwa amekaa palepale, wala hakumweleza mgeni neno! Jumapili nilimkuta nje ya kanisa. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, nikamsifu shati lake. Akacheka: "Aa, mtumba tu huu." Nikamwambia, "Basi na wewe hujiamini. Rudisha umeneja." Watu wakageuka kututazama. Waache watazame.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka kwenu Liuli? Nilimsifu mkeo kwa yule samaki, mbasa. "Samaki gani huyu, shemeji, miiba mitupu," akasema, huku akiniongezea kipande kikubwa kuliko cha kwanza. Ukacheka mpaka ukapaliwa. Nani angesema hajui kupika? Vile ndivyo alivyonikaribisha.

Na mtoto aliyelelewa hivyo... Gaudensi, inaniuma. Inaniuma kumfundisha aivue adabu yenu mlangoni kama viatu vyenye matope. Nimemwambia aivue kwenye usaili tu; akirudi nyumbani, aivae.

Kesho anakwenda kwenye usaili mwingine, ng'ambo ya soko. Jana nilimjaribu: nikasifu mwandiko wake. "Aa, Baba, huu nao mwandiko?" Nikagonga meza. Tukacheka wote wawili, kisha akalia kidogo, akakutaja.

Pumzika, rafiki yangu. Sitamwacha mpaka kazi ipatikane. Sasa hivi yuko jikoni ananichemshia kahawa, harufu imenifikia hapa ninapoandika. Akiileta nitaisifu, na nitamwambia hivi kabla hajafungua mdomo: mwanangu, leo sema asante, kisha unyamaze.