Tapi ya Padri San

Jumamosi, mwisho wa mwezi wa kumi. Mvua ya asubuhi imelaza vumbi la Gihosha, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inaonekana kama imetoka kuoshwa. Moyo wangu mwepesi, magoti yananiuma. Nitaeleza kwa nini.

Nianze na jambo ambalo mtaa mzima unalijua tayari: Bujumbura hii, kutoka mashamba ya mpunga ya Buterere mpaka huku juu kwetu, hakuna mutu anayejua tapi za kale, yale mazulia ya kufumwa kwa mkono, kunishinda mimi. Balozi mmoja aliwahi kusimamisha gari lake aniulize kama tapi yake ni ya kweli. Nilikuwa kwa kinyozi, povu usoni. Sikuitazama, niliinusa tu. Nikamwambia, Mheshimiwa, hii ni ya mashine, na mashine yenyewe ilikuwa mgonjwa. Aliondoka bendera yake imelala.

Elimu hii sikuipata shuleni. Shuleni niliishia la sita, na hilo la sita nilitokea mlango wa nyuma. Niliipata kwa mama yangu, Bernadeta, aliyefanya kazi za nyumbani miaka mingi kwa Madamu mmoja Mgiriki, mjane, mjini kati. Katika saloni ya Madamu, chumba cha kupokea wageni, kulikuwa na tapi nyekundu, ua kubwa katikati kama sinia ya wali wa harusi, na ndege wanne, kila mmoja na kona yake. Kila kiangazi Mama aliikokota hadi uani, akaipiga fimbo, akaiosha kwa maji baridi na brosi laini, akifuata upande manyoya yanakolala. Ikilowa ilinuka kondoo. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa kivulini na kufukuza kuku.

Nikijaribu kujilaza juu yake, Mama alinifokea. "Toka apo, we mutoto. Iyo ni tapi Père San."

Père San, yaani Padri San. Huyu nimewasimulia watu miaka arobaini na zaidi: mmisionari mrefu, ndevu nyekundu, pikipiki yake ilisikika tangu Rusizi. Ndiye aliyewaachia Wagiriki ile tapi, na upande mmoja manyoya yamekwisha kwa sababu ya magoti yake. Siku kiboko alipomzibia njia, alimsomea sala moja ya Kilatini, kiboko akarudi majini kwa adabu. Mi nikiisimulia habari hiyo haijawahi kupungua. Huwa inaongezeka kidogo.

Kuna siku kaa la moto lilianguka kutoka kwenye pasi, likaunguza bawa la ndege mmoja. Mama alijua kazi imekwisha. Alinivua sweta ya shule, ya bluu, akachomoa uzi kwenye mkono wa kushoto na kulishona lile bawa upya, machozi yakimdondoka. Madamu hakuona. Au aliona akanyamaza, sijui. Mimi nilimaliza mwaka ule na mkono mmoja mfupi, nikawaambia wenzangu ndiyo mtindo wa Ulaya.

Kisha Madamu akarudi kwao, vitu vikauzwa, tapi ikapotea.

Mama sasa amepita themanini. Macho yana ukungu. Masika iliyopita maji yaliingia nyumbani kwake Buterere mpaka juu ya kitanda, ndipo nikamleta hapa kwangu. Tumempa chumba kizuri, ila chini ni simenti tupu. Kila asubuhi namsikia: anashusha mguu, anaurudisha haraka, anasema peke yake, "Ee, ningepata ile tapi ya Madamu." Hasemi kwa kulalamika. Anasema kama mutu anayetaja jina la rafiki.

Basi mwezi wa nane, mezani, mbele ya familia yote, nikatangaza: Mama, kabla ya Noeli utaikanyaga tapi ile ile.

Mdomo wangu hunitangulia kufika kila mahali. Sikuwa hata na fununu ya pa kuanzia. Na Mama aliniamini, hapo ndipo ubaya. Tangu siku ile alianza kuniuliza kila Jumapili, taratibu, kama imekaribia.

Juzi Alhamisi, kwenye kundi la simu la wanakwaya, mama mmoja wa Kigobe, mwalimu mstaafu wa Kifaransa anayehamia kwa watoto wake Kanada, aliweka picha za vitu anavyouza. Friji, kabati, na tapi nyekundu iliyokunjwa. Kona moja tu ilionekana, na ndege. Chini yake ameandika: tapis persan, ya zamani sana. Hilo persan ameliandika neno moja, kwa herufi ndogo. Nikatikisa kichwa. Mwalimu wa Kifaransa mzima hajui kuandika jina la padri.

Mke wangu Goreth aliitazama picha akaniangalia mimi. "Baba Bella, watu wanaleta mapya toka Dubai, we unatafuta yenye vidonda?"

"Hata we nilikupendea historia yako."

"Historia yangu aikunuka kondoo."

Leo asubuhi, mvua ilipokatika, nikashuka Kigobe. Nimekuta bwana mmoja amenitangulia, mwenye saa kubwa na lenzi ya kukuzia, ambaye hununua vitu vya kale na kuvisafirisha Dar. Tapi ilikuwa imetandazwa barazani. Nilisimama mlangoni nikashindwa kupita. Nyekundu ile ile, inayofifia na kukolea kwa mistari, kwa sababu zamani rangi ilichemshwa chungu kwa chungu na hakuna chungu kinachofanana na kingine. Nyuzi za pembeni hazikushonewa, zinatoka ndani ya tapi yenyewe. Nililowesha leso yangu nyeupe, nikainama, nikasugua ukingo uliofika mlangoni, leso ikabaki nyeupe. Hayo yote ni ya kweli na nilimweleza kila aliyekuwepo, mara mbili.

Lakini tapi nzuri si lazima iwe ndiyo yenyewe. Nyekundu zenye ndege ziko nyingi duniani.

Bwana wa saa alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya mbali. "Madamu, iyi iko na kilema. Ona, walishona na uzi ya sweta. Upunguze."

"Iko na kilema, na we unaikamata tangu saa moja asubuhi?" akajibu mwalimu.

Uzi ya sweta. Nikaacha kuhutubia, nami si mutu wa kuacha.

Nikasema nikiwa pale pale mlangoni, "Madamu, bawa iko bluu. Ugeuze nyuma. Kuna mafundo tatu, ya tatu imekaa vibaya, sababu mwenye kushona alikuwa analia."

Akainama, akageuza. Akahesabu kwa kidole. Yule bwana akashusha lenzi.

"Ni nani alikuwa analia?"

"Mama yangu. Na sweta ilikuwa yangu."

"Iko hai?"

"Iko hai. Iko kwangu Gihosha, simenti inamuumiza miguu."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta na kitenge. Kisha akamgeukia yule bwana. "Mzee, we unanunua tapi. Uyu anakuja kuchukua kitu yao." Tukapatana bei ambayo Goreth hataisoma hapa. Tulipoagana nilimwambia kwa Kifaransa changu kizuri kwamba ametunza vema tapi Père San, naye akaitikia, "Ndiyo, persan kabisa," tukashikana mikono kama wataalamu wawili.

Niliipandisha begani kuanzia barabara ya chini, maana teksi ilikwama kwenye tope. Nitasema ilikuwa na uzito wa ng'ombe. Ilikuwa na uzito wa ndama.

Tuliitandaza chumbani bila kumwambia kitu. Goreth akamshika mkono akamkalisha ukingoni mwa kitanda. Mama akashusha mguu kwa uoga wake wa kila siku, ukafika, ukabaki. Akashusha na wa pili. Akavuta hewa puani.

Aliteremka chini mwenyewe, akatambaa akipapasa, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne vidole vyake vikasimama.

"Sweta yako iyi," akasema.

Nilitoka nje nikaangalia mvua ambayo haikuwa ikinyesha.

Niliporudi nilikuwa nimeshakuwa mimi tena. Nikasimama katikati ya chumba nikatangaza: Mama, mwanao amekurudishia tapi ya Padri San.

"Padri gani?"

"San, Mama. Père San. Mwenye ndevu. Mwenye aliwaachia Wagiriki."

Akageuza uso wake wenye ukungu upande wangu, akawaza. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika mguu wa kitanda, akacheka mpaka Goreth naye akaangua bila kujua kinachochekwa.

"Persan, mwanangu. Per-san. Ni inchi, kwenye waliisukaka. Uajemi, Irani. Madamu alinionyesha kwa karte, kwa ramani ya dunia. Akukuwa padri."

Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Kwa hiyo Padri San amenifia leo jioni, pamoja na ndevu zake na pikipiki. Kiboko amebaki, sijui nimpeleke wapi. Nakiri nimemhuzunikia. Nilipokuwa mdogo, baba hayupo na Mama yuko kazini, huyo padri nilikaa naye sana pale kivulini.

Sasa ukweli mdogo, niuandike haraka kabla sijaghairi. Kila mwezi wa kumi na moja, parokiani kwetu, tunaandika majina ya marehemu wetu kwenye karatasi, katekista anayasoma mbele ya altare na watu wote wanaitika. Tangu nimeoa, jina la kwanza kwenye karatasi yangu, juu hata ya baba yangu mzazi, ni Padri San. Miaka yote hiyo parokia nzima imekuwa ikipiga magoti kuombea roho ya tapi.

Na karatasi ya mwaka huu iko kwa katekista tangu Jumatano. Kesho baada ya misa nimwambie nini? Kwamba marehemu amepatikana Kigobe?