Sema ya Mwenzako Kwanza

Mzee Kalembo, hakimu wangu,

Ni mimi Hamisi, tarishi wako. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, hakuna karani aliyeishika. Herufi zimelala kama mtama uliopitiwa na ngiri, lakini wewe ndiye uliyenifundisha, kwa mkaa, juu ya mlango wa korti yetu ya Ruangwa. Basi utazisoma. Huku ufuta tumeshavuna, mikorosho imetoa maua, mvua bado.

Tangu tukuzike pale Mandawa korti imebadilika. Hakimu mpya ni kijana, ana meza na kengele. Mshitaki anasimama kushoto, mshitakiwa kulia, kila mtu anasema yake, karani anaandika, tunakwenda nyumbani. Mkeka wako umekunjwa, uko juu ya kabati. Na lile neno lako haliulizwi tena.

Nalisikia mpaka leo. Umekaa mkekani, wagomvi wawili ubavuni pako, unasema, "Sema ya mwenzako kwanza." Mtu ametembea kutoka Kilimarondo, maneno yake yamemjaa mdomoni, nawe unamtaka aeleze kwanza shauri la adui yake, mpaka adui mwenyewe aitikie kuwa ndivyo. Ndipo aseme yake. Wengine wakifika hapo wanaomba ruhusa waende zao.

Unakumbuka shauri la nguruwe? Wawili, wote watu wa swala tano. Mmoja kamchoma nguruwe mkuki shambani kwake, nguruwe akakimbia akafia kwenye mahindi ya jirani. Kwingine watu wanagombea nyama. Hawa waligombea nani amwondoe. Uliwasikiliza mpaka adhuhuri bila kucheka, mimi niko nyuma ya nguzo natafuna mkono wa kanzu. Kisha ukahukumu: mwenye mkuki achimbe shimo, mwenye mahindi amburute kwa kamba, na wote wakaoge mto mmoja. Walirudi wanataniana.

Na lile la tingatinga, miaka ile Wazungu walipokuja Nachingwea kulima karanga. Tingatinga likapita juu ya kaburi la bibi wa watu, wajukuu wakaja kwako wanalia. Kwa Mzungu hukuwa na amri, karani akakushauri shauri lifungwe. Wewe ukavaa viatu. Tulitembea siku mbili, mimi mbele, maana hakuna aliyekuwa akinitangulia njiani. Ukamwita utingo wa lile tingatinga, kijana wa kijiji kilekile, ukamuuliza kama aliliona kaburi. Akasema aliliona, ila aliogopa kusema asije akafukuzwa kazi. Ukamhukumu abebe unga wa tambiko kichwani hadi pale, amwombe bibi radhi kwa sauti, watu wakisikia. Mzungu, bwana wa utingo yule, akaja nyuma yake, kofia mkononi, na hakuna aliyemwita. Watu wanasema alikuja kwa heshima yako. Alikuja kwa sababu mimi nilimkazia macho.

Lakini shauri kubwa kuliko yote ni langu, lile nililoshindwa.

Mjomba wangu alipofariki kule Mbekenyera, nikaenda kuchukua shamba. Mila yetu inajulikana, mali ya mjomba ni ya mpwa. Somoe, binti yake, akasema, "Ardhi chukua, binamu. Mikorosho niliipanda na baba, siitoi." Tukaja kwako. Ukaniambia niseme ya Somoe kwanza. Nikasema siyajui. Ukasema, "Basi kaa hapo mpaka uyajue." Nilikaa mkekani siku tatu, nakula ugali wa mkeo, sikufungua mdomo. Nchi hii yote hakuna mwingine aliyekuweza hivyo. Siku ya nne ukahukumu: ardhi ya mpwa, mikorosho ya Somoe, nami nisiguse tawi.

Nikapiga kelele mpaka sokoni. Nikakata rufani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, nikashindwa. Nikarudi kupiga kelele mlangoni pako. Ukatoka, ukanitazama, ukasema, "Mtu mwenye sauti hii asikae bure." Ndivyo nilivyopata utarishi. Miaka kumi na moja nimekuitia watu, na kila Ijumaa tukitoka msikitini unaniuliza, "Hamisi, umeyajua ya Somoe?" Nami nakujibu, "Bado, mzee." Hata ulipokuwa kitandani, sauti imekwisha, uliniuliza kwa macho. Nikakujibu bado.

Nilikudanganya, mzee. Niliyajua tangu siku ya kwanza.

Sasa sikiliza. Wapwa zangu wawili wamekuja kupima shamba langu kwa hatua, na mimi ni mzima, jembe nawashinda wote wawili. Wanataka ijulikane mapema kuwa nikifa, kila kitu ni chao. Mikorosho ya shamba hili, si ile ya Somoe, nimeipanda na binti yangu Fatu. Akasimama mbele ya miti, mikono kiunoni. Somoe alisimama vilevile siku ile nilipokwenda kuchukua shamba.

Tukaenda kortini. Nikataja hukumu yako. Mpwa mkubwa akacheka, "Mjomba, hukumu hiyo umeitukana mbele ya watu miaka yote. Leo imekuwa tamu?" Korti nzima ikacheka. Nikatazama nyuma. Somoe alikuwepo. Nilikwenda kumwita mwenyewe Mbekenyera, maana kazi yangu ni kuita watu.

Nikaomba mkeka wako. Hakimu mpya hakuelewa, karani akaushusha. Nikakaa chini. Nikasema ya wapwa zangu kwanza, nikayasema vizuri kuliko wao, wakaitikia. Kisha nikasema ya Somoe. Kwamba alikuwa mtoto, ananifika kiunoni, anachota maji kwa kibuyu kiangazi kizima na kunywesha mche mmoja mmoja, na baba yake anaupa kila mche jina. Kwamba mimi niliona, kwa sababu nilikuwa nimekaa kivulini, mwanamume mwenye ndevu zangu, na sikuinuka kumpokea kile kibuyu.

Hilo ndilo nililolifunga mdomoni siku tatu.

Somoe aliitikia kwa kichwa, mara moja, akajifunika uso kwa kanga. Hakimu akaisogeza kengele pembeni. Akahukumu kama wewe: nikiondoka, ardhi kwa wapwa, mikorosho kwa Fatu. Mkeka ukarudi juu ya kabati. Lakini kabati lile si refu, na mimi bado nafika.

Nisamehe, mzee, kwa Ijumaa zote zile. Lala salama. Nakuahidi mkeka nitaushusha kila shauri, mpaka kijana yule achoke kuniuliza ni wa nini. Na korosho za kwanza zikidondoka nitakuja Mandawa pamoja na Somoe. Anasema ya upande wangu anayajua siku zote, ila hakuna aliyemuuliza. Atayasema pale kaburini, yeye kwanza. Nitamsikiliza mpaka mwisho, nami nitaitikia kama ndivyo.

Ila hatayasema vizuri kama nilivyosema yake.

Tarishi wako,
Hamisi