Mfarishi wa Mjukuu wa Kwanza

Jumatatu, 10 Machi

Viraka vyote vimeungana! Arobaini na nane, vyote kutoka kwenye mashati ya zamani ya Baba. Leo nimetandika pamba katikati, kitambaa kingine chini, nikaanza kuvishona pamoja. Juu — safi. Kugeuza chini — balaa! Uzi umejikusanya kama kiota cha ndege. Nikakaza uzi wa juu mpaka namba saba. Ukanasa kwenye kiota, ukakatika. Mdogo wangu kapiga simu, mimba yake imeiva, tumbo limeshashuka, anauliza mfarishi wa mtoto umefika wapi. Nikasema unakaribia kwisha. Mwongo mkubwa mimi.

Jumanne, 11 Machi

Fundi Miwani, anayetengeneza cherehani za mtaa mzima, kaja asubuhi. Kasema kosa ni bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Akakaza skrubu ya kikasha chake, akaondoka kwa madaha. Nikajaribu. Viota vimezidi!

Na Baba anagonga ukuta kutoka chumbani kwake kila nikikanyaga pedali. Nimempelekea maji, hataki. Uji, hataki. Miezi saba sasa tangu kiharusi kimchukulie ulimi na upande wa kulia. Cherehani hii ni yake, kashonea watu suti miaka thelathini. Labda kelele zake zinamuumiza roho.

Jumatano, 12 Machi

Mjinga mimi! Hakutaka maji — alitaka kuingia huku kwenye cherehani!

Nimemsogeza na kiti chake mpaka ubavuni mwa cherehani. Akatazama ninavyopitisha uzi. Pa! Kanichapa mkono, kama enzi zile akinifundisha kazi. Akaonyesha mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa. Nilikuwa nimeushusha. Akainua kidole: juu. Juu! Kumbe ukiwa chini, vile visahani vinavyobana uzi vinafumba, uzi unapita juujuu bila kubanwa na chochote. Siku mbili nahangaika na namba! Nikainua mguu, nikarudisha namba tatu na nusu, nikapitisha uzi upya — hakuna kiota hata kimoja! Nilivyopiga kelele, jirani kaja dirishani kuuliza kuna nini. Nikamwambia: uzi! Kanitazama, kaenda zake.

Alhamisi, 13 Machi

Leo kasheshe nyingine. Uzi wa juu unachungulia chini, vidoa vidoa. Baba akanyoosha mkono: nipe kikasha cha bobini. Akakining'iniza kwa uzi wake, akakitikisa. Hakikushuka hata kidogo. Ah, Fundi Miwani! Baba akanisogezea bisibisi. Nikalegeza robo mzunguko. Akatikisa kichwa. Kidogo tena. Sasa ukikitikisa kinateremka, kinasimama. Tukajaribu kwenye kipande chakavu chenye pamba ndani, namba tatu na nusu. Juu sawa, chini sawa, mafundo yamejificha katikati. Baba kacheka! Nusu ya uso tu, lakini kicheko kizima. Tumeshona safu sita.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji kapiga simu saa nne: uchungu umeanza, mdogo wangu kashalazwa, atakuja mwenyewe na gari kutuchukua. Wiki nzima kabla ya tarehe! Na safu moja na nusu bado!

Nikawa nakivuta kitambaa mbiombio, mishono ikarefuka ovyo. Baba akanigusa bega. Nitoke kwenye kiti.

"Baba, kwa mkono mmoja?"

Jicho alilonitupia! Nikatoka. Nikamkalisha. Mguu wa kushoto kwenye pedali, kiganja cha kushoto kikalala wazi juu ya mashati yake mwenyewe. Akaanza.

Siwezi kusimama tu bila kufanya kitu, ndiyo maana naandika, daftari gotini. Mishono mifupi, sawasawa, kama meno ya kitana. Safu imekwisha. Shemeji yuko mlangoni, ufunguo mkononi, kasahau alichokuja kusema. Simu yake inalia. Mdogo wangu! Anauliza kwa ukali mbona hatufiki.

"Tunakuja," shemeji anamjibu. Halafu polepole: "Baba anashona."

Namsikia mdogo wangu, kutoka huku nilikokaa, analia na kucheka — "Mwacheni! Mwacheni amalize!" — na Baba anageuza kona bila hata kuinua kichwa —